Walter Rodney na fundo la rangi

Kwa miaka 40 na ushei, cheti cha kifo cha Walter Rodney kilisema kwamba marehemu hakuwa na kazi. Mwanahistoria aliyepata shahada ya uzamivu akiwa na miaka 24, ambaye vitabu vyake vilikuwa vikisomwa Dar es Salaam, Kingston na London, aliandikwa kwenye daftari la serikali kama mtu asiye na shughuli. Kifo chenyewe kiliandikwa kana kwamba ni balaa aliyojitakia. Mwaka 2021 ndipo serikali ya Guyana ilipotangaza kwamba karatasi ile irekebishwe: iandikwe profesa, na iseme kwamba aliuawa.

Naanza na karatasi hiyo kwa sababu haikutolewa na Mzungu. Ilitolewa na serikali ya watu weusi, chini ya waziri mkuu mweusi, Forbes Burnham, aliyejinadi kuwa rafiki wa harakati za ukombozi kusini mwa Afrika. Ukimsoma Rodney harakaharaka, kama wengi wetu tulivyomsoma, jambo hili halikuingii akilini. Huku kwetu anajulikana kwa kitabu kimoja, kile cha 1972 kinachoeleza jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, na kitabu hicho hufupishwa kwenye mazungumzo kuwa hoja moja: Mzungu alimwibia Mwafrika. Hoja hiyo si ya uongo. Lakini mtu aliyeishi miaka 38 tu alikuwa anafungua fundo gumu kuliko hilo. Rangi ni nini? Ilitoka wapi? Na inakuwaje anayekukanyaga awe wa rangi yako?

Tuliangalie kwanza neno lenyewe. Kiswahili hakina neno moja lililotulia kwa dhana hii. Tunasema rangi, tunasema asili, wasomi wanasema mbari, ingawa mbari kwa maana yake ya zamani ni ukoo. Sidhani kwamba huo ni upungufu wa lugha. Kupanga wanadamu wote katika mafungu matatu au manne ya ngozi, kila fungu na daraja lake, ni kazi iliyokuja na makarani na vitabu vya serikali. Wapiga kura wa Tanganyika katika uchaguzi ulioanza mwaka 1958 walitakiwa kupiga kura tatu kwa pamoja: moja kwa Mwafrika, moja kwa Mwasia, moja kwa Mzungu. Wazungu walikuwa wachache mno nchini, lakini kwenye karatasi ya kura walikuwa theluthi nzima. TANU ilikutana Tabora Januari mwaka huo, wakavutana kama washiriki au wasusie, na Nyerere akawashawishi washiriki. Oktoba 1961, baadhi ya wabunge walipotaka uraia utolewe kwa rangi, Nyerere huyohuyo alitishia kujiuzulu. Wazee waliopiga kura zile tatu waliiona rangi ikitengenezwa kwa wino na mhuri, wakiwa wamesimama foleni.

Rodney alikulia katika nchi ambako utengenezaji huo ulikuwa umekwenda mbali zaidi. Alizaliwa Georgetown tarehe 23 Machi 1942, Guyana ikiwa koloni la Mwingereza kwenye pwani ya kaskazini ya Amerika ya Kusini. Baba yake alikuwa fundi cherehani, mama yake mshonaji. Raia wengi wa nchi ile ni wajukuu wa watu wa aina mbili: Waafrika walioletwa kama watumwa, na Wahindi walioletwa kuanzia 1838, utumwa ulipokwisha, wafanye kazi kwa mkataba kwenye mashamba ya miwa. Mwaka 1953 chama cha PPP, kikiongozwa na Cheddi Jagan, daktari wa meno mwenye asili ya Kihindi, pamoja na Burnham, mwanasheria mwenye asili ya Kiafrika, kilishinda uchaguzi kwa kura za pande zote mbili. Rodney alikuwa na miaka 11, akigawa vikaratasi vya chama mitaani. Serikali hiyo ilidumu siku 133. Mwingereza alileta askari, akaisimamisha katiba, na mwaka 1955 chama kikapasuka: Jagan huku, Burnham kule. Kufika 1964 Waafrika na Wahindi walikuwa wanachomeana nyumba na kuuana.

Kijana huyo hakuwa shahidi wa karibu wa yale ya mwisho. Alikuwa masomoni, kwanza chuo kikuu cha Mona, Jamaika, kisha London. Lakini swali aliondoka nalo nyumbani. Je, watu hawa waliuana kwa sababu rangi zao haziwezi kukaa pamoja? Kama ndivyo, mwaka 1953 walikaaje?

London alichagua kuchimba mbali sana na kwao. Alijifunza Kireno, akaingia kwenye nyaraka za Lisbon, Seville na Roma, akaandika tasnifu juu ya pwani ya Guinea ya Juu, eneo la kuanzia Gambia kuteremka hadi mipakani mwa Liberia ya leo, kati ya 1545 na 1800. Wanahistoria wengi wa wakati ule walisema kwamba Wazungu waliukuta utumwa Afrika, wao wakaununua tu. Rodney alitafuta utumwa huo kwenye maandishi ya Wareno wa mwanzo, na katika pwani ile hakuuona kwa namna ulivyodaiwa. Tabaka kubwa la watumwa lilijitokeza baadaye, biashara ya Atlantiki ilipokwisha kuota mizizi. Yaani soko ndilo lililozaa bidhaa. Wakubwa katika fani, J. D. Fage miongoni mwao, walimpinga, na ubishi huo haujaisha hadi leo. Mimi naona hoja yake ina nguvu kwa pwani ile aliyoichunguza. Anayeibeba na kuitandika Afrika nzima anavuka mipaka ambayo mwenyewe aliichora.

Kinachonigusa zaidi katika utafiti ule ni jinsi asivyowaonea haya machifu. Anaeleza kwamba watawala wa pwani walishirikiana na wafanyabiashara wa Kizungu na kutajirika, huku Wabalanta, watu wasio na wafalme, wakijitenga na biashara hiyo. Anamtaja Tomba, kiongozi wa Wabaga katika nchi ambayo leo ni Guinea, ambaye miaka ya 1720 alijaribu kuunganisha watu wazuie biashara ya watumwa. Tomba alishindwa. Na walioungana kumshinda walikuwa Wazungu wakazi wa pwani, machotara wao, na Waafrika wafanyabiashara ya watumwa. Hapo mstari haukupita baina ya ngozi na ngozi. Ulipita baina ya wanaouza watu na wanaouzwa.

Alifundisha Dar es Salaam mwaka mmoja hivi, 1966 hadi 1967, kisha akarudi Mona. Huko Jamaika alifanya jambo lisilozoeleka kwa mhadhiri: alitoka nje ya geti la chuo, akaenda kukaa na Warasta na vijana wasio na ajira katika vitongoji duni vya Kingston, akiwasimulia historia ya Afrika na kuwasikiliza. Warasta wana neno lao kwa kukaa huko chini pamoja mkasemezana kama watu sawa. Mtu wa pwani yetu angesema wamekaa barazani. Serikali ya Hugh Shearer, naye mweusi, ilishtuka. Tarehe 15 Oktoba 1968, Rodney akirudi kutoka mkutano wa waandishi weusi mjini Montreal, alizuiwa asishuke kwenye ndege. Kesho yake wanafunzi waliandamana, watu wa mitaani wakaungana nao, Kingston ikawaka moto.

Mazungumzo yale yalichapwa London mwaka 1969 na Jessica na Eric Huntley, na humo kuna jambo ambalo wasomaji wengi hulipita. Rodney anapodai nguvu kwa watu weusi wa Karibiani, neno "mweusi" analitumia kwa Mwafrika na kwa Mhindi. Kwake hilo lilikuwa jina la mahali ulipowekwa. Yeyote ambaye wazee wake waliletwa kukata miwa ya mwingine, na ambaye hata leo yuko chini, anaingia humo. Ukilichukulia neno hilo kuwa la damu, utakisoma kitabu chote upande.

Kuanzia 1969 alirudi Mlimani, chuo kikuu cha Dar es Salaam, akakaa hadi 1974. Azimio la Arusha lilikuwa bado bichi, na chuo kilikuwa kama jiko linalotokota. Wanafunzi walikuwa na umoja wao wa kimapinduzi, USARF, ambao Yoweri Museveni aliwahi kuwa mwenyekiti wake, na walitoa jarida lao, Cheche. Mwaka 1970 Issa Shivji aliandika humo makala ndefu akidai kwamba chini ya lugha ya Ujamaa kulikuwa na mapambano ya kitabaka yasiyosemwa, na kwamba kutaifisha benki hakumwondoi mkubwa mpya anayekaa kwenye kiti cha yule wa zamani. Rodney alikuwa miongoni mwa waliojibu na kuijadili. Mwaka huohuo USARF na Cheche vilipigwa marufuku. Rodney mwenyewe alikuwa ameshaonja ukali huo: Desemba 1969 gazeti la TANU, The Nationalist, lilimkemea kwenye tahariri kwa maneno yake ya kimapinduzi. Aliipenda Tanzania, aliisifu Ujamaa kwa dhati, na bado alikuwa mgeni asiyenyamaza.

Alikwenda pia Tanga, kwa maana ya utafiti. Pamoja na Kapepwa Tambila na Laurent Sago aliandika juu ya manamba wa mashamba ya mkonge: walivyoandikishwa mbali na makwao na hali walizoishi nazo kambini. Ukijua alikotoka, unaelewa kwa nini jambo hili lilimvuta. Mhindi wa Guyana naye alikuwa namba. Alifungwa na mkataba wa miaka mitano, na akionekana nje ya shamba bila kibali alipelekwa mahakamani kama mhalifu. Mnyamwezi au Muha aliyesafirishwa hadi Tanga na Mhindi wa Bihar aliyesafirishwa hadi Demerara, huko Guyana, walikuwa ndugu kwa namna ambayo hakuna kipimo cha ngozi kingeiona.

Kitabu cha 1972 kilitoka Dar es Salaam kwa Tanzania Publishing House na London kwa akina Huntley, na maneno ya mwisho yaliandikwa na Abdulrahman Babu, aliyekuwa waziri wakati huo na ambaye mwaka uleule aliwekwa kizuizini. Sasa tufungue fundo lenyewe, maana humu ndimo linapokaza.

Hatua ya kwanza: Rodney anasema Wazungu hawakumfanya Mwafrika mtumwa kwa sababu walimchukia. Walitaka nguvu za mikono. Ardhi ya Amerika ilikuwa tele, wenyeji wake walikuwa wamekufa kwa maradhi na mateso, na Afrika ilikuwa ng'ambo ya bahari hiyohiyo. Mwanahistoria Eric Williams wa Trinidad alikuwa ameshasema mwaka 1944 kwamba ubaguzi wa rangi ni mtoto wa utumwa, si mama yake. Ukishamgeuza binadamu mali, na wewe ni Mkristo unayesali Jumapili, unahitaji maelezo. Maelezo yakawa kwamba huyu si binadamu kamili.

Wengi huishia hapo, wakahitimisha kwamba rangi ni pazia tu, ulivute utaona uchumi umekaa nyuma yake. Rodney hakuishia hapo. Hatua yake ya pili ni kwamba maelezo yale yakishasemwa kwa vizazi kadhaa, yakafundishwa shuleni, yakaandikwa kwenye sheria, yanapata uhai wao wenyewe. Anasema wazi kwamba kufikia karne ya 19 ubaguzi ulikuwa umejengeka kiasi kwamba mara nyingine uliitangulia hata faida. Mzungu alikuwa tayari kupoteza fedha ili tu mweusi abaki chini. Mwongo aliyeanza kwa hesabu aliishia kuuamini uongo wake. Hizi ndizo nyuzi mbili ambazo lazima zishikwe pamoja: rangi ilitengenezwa, na rangi inaua kweli. Anayeshika ya kwanza tu atamwambia mtu aliyepigwa kwa ajili ya ngozi yake kwamba ngozi haina maana. Anayeshika ya pili tu ataanza kuamini kwamba ngozi ndiyo kila kitu, na hatamwona Tomba wala waliomsaliti.

Kitabu kina mapungufu. Kinakimbia, kinabeba bara zima kwa mkono mmoja, na ugomvi wa Waafrika wenyewe kwa wenyewe haupewi uzito aliokuwa ameupa katika tasnifu yake. Lakini aliandika kwa haraka kwa makusudi, na aliandika ili kisomwe na watu wa kawaida.

Mwaka 1974 aliondoka. Baadaye alieleza kwa nini, na kwa mtu wa lugha yetu maelezo hayo yana ladha ya pekee. Alisema mtu anayetaka kushiriki siasa za nchi sharti awe na mazoea yanayotokana na kuishi humo. Aweze kuchekea mzaha unaotegemea pindo la neno. Aweze kwenda sokoni Tanzania na kupatana bei kwa Kiswahili bila mtu kumwona mgeni. Aliona kwamba kufika hapo ni kazi ya maisha mazima. Mtetezi mkubwa wa umoja wa watu weusi alikuwa anakiri kwamba ngozi nyeusi haikumpa Kariakoo. Mahali pake palikuwa kwao.

Kwao walimwandalia kiti cha profesa wa historia katika Chuo Kikuu cha Guyana, kisha serikali ya Burnham ikakiondoa kabla hajakikalia. Hapo ndipo lile neno "hana kazi" lilipoanzia. Alibaki, akiishi kwa mihadhara ya nje na kuandika, na akaanza utafiti wa wafanyakazi wa Guyana kati ya 1881 na 1905.

Naomba nikae kidogo kwenye kitabu hicho, kwa sababu naona ndicho bora kuliko vyote. Kinaanza na matope. Pwani ya Guyana iko chini ya usawa wa bahari wakati wa maji kujaa. Bila kuta na mifereji hakuna muwa unaoota. Kwa kila maili moja ya mraba ya shamba la miwa kulikuwa na maili 49 za mifereji ya kutoa maji na maili 16 za mifereji ya juu, ya kumwagilia na kusafirishia. Rodney anaandika kwamba kuchimba hiyo yote kulimaanisha watumwa wa Kiafrika kuhamisha tani milioni 100 za udongo mzito uliolowa, kwa sepetu mkononi, miguu ndani ya maji. Nchi yenyewe ni kazi ya mikono.

Utumwa ulipokwisha, walioachiwa huru walitaka kubadili masharti. Mwaka 1839 watu 83 waliokuwa watumwa walichanga akiba zao wakanunua shamba zima, wakaliita kijiji cha Victoria. Mwaka 1842 wafanyakazi waligoma kupinga kupunguziwa ujira, wakashinda. Waligoma tena 1848, wakashindwa, kwa kuwa sasa mashamba yalikuwa na watu wengine ambao hawakuruhusiwa kugoma: waliokuja kwa mkataba. Na sehemu ya gharama za kuwaleta ililipwa kutoka hazina ya koloni, yaani kwa kodi za hao Waafrika wenyewe. Mwafrika akamwona Mhindi kuwa ndiye aliyemshushia ujira. Mhindi akaambiwa kwamba Mwafrika ni mvivu aliyekimbia shamba. Kila mmoja alimjua mwenzake kwa maneno ya mwenye shamba. Rodney haufichi uhasama huo. Anachoonyesha ni kwamba katika karne nzima ya 19 haukulipuka kuwa vita vya watu wa rangi mbili, na kwamba wote walikuwa wakipambana na mwenye shamba yuleyule, kila mmoja kwa njia iliyokuwa wazi kwake.

Aliyoyaandika mchana aliyafanya jioni. Guyana nyumba nyingi husimama juu ya nguzo kwa ajili ya mafuriko, na chini yake hukaa watu, huning'inizwa machela, huongewa. Rodney alifundisha chini ya nyumba hizo, kwa wachimba madini ya boksiti wa mji wa Linden, wengi wao Waafrika, na kwa wakata miwa wa pwani, wengi wao Wahindi. Chama chake, Working People's Alliance, kilizaliwa kwa kuunganisha makundi ya pande zote mbili, likiwemo la Eusi Kwayana na la Moses Bhagwan. Kwa Burnham hilo lilikuwa la hatari kuliko bunduki. Utawala uliosimama juu ya hofu ya Mwafrika kwa Mhindi hauwezi kuvumilia Mwafrika na Mhindi wanaokaa chini ya nyumba moja.

Julai 1979 Rodney na wenzake walikamatwa wakituhumiwa kuchoma majengo ya serikali na ya chama tawala. Siku chache baadaye padri Bernard Darke, Mjesuiti aliyekuwa akipiga picha za maandamano karibu na mahakama, alichomwa kisu hadi kufa. Aprili 1980 Rodney alikuwa kwenye sherehe za uhuru wa Zimbabwe. Angeweza kubaki Afrika. Alirudi kwenye kesi yake.

Usiku wa tarehe 13 Juni 1980, yeye na mdogo wake Donald walipokea redio ya mawasiliano kutoka kwa Gregory Smith, sajini wa jeshi la Guyana aliyejua mambo ya umeme, wakaambiwa waijaribu wakiwa garini karibu na gereza la Georgetown. Ndani ya redio mlikuwa na bomu. Rodney alikufa palepale, Donald akajeruhiwa. Smith alitoroshwa hadi Guyana ya Ufaransa, akafia huko 2002 bila kusimama kizimbani. Aliyehukumiwa alikuwa Donald, mwaka 1982, kwa kukutwa na vilipuzi, na hukumu hiyo ilifutwa 2021. Tume ya uchunguzi iliyotoa ripoti mwaka 2016 ilieleza kwamba Smith alisaidiwa na vyombo vya dola na kwamba Burnham hangeweza kuwa hajui.

Kitabu cha matope kilitoka 1981, mwandishi akiwa kaburini. Miongoni mwa karatasi nyingine alizoacha kulikuwa na hadithi fupi za watoto, maana alikusudia mfululizo ambamo mtoto wa Guyana angesoma jinsi kila mmoja wa majirani zake alivyofika pale. Ya Kofi Baadu, mtoto aliyetoka Afrika, ilichapwa mwaka 1980. Ya Lakshmi, mtoto aliyetoka India, ilisubiri hadi mwaka 2000.